Mtoto Aliyejibu "Sijui": Edward Zigler na Nusu Karne ya Ubishi Juu ya Akili za Watoto

Mtoto wa miaka minne ameketishwa mbele ya mtu mzima asiyemfahamu. Anaulizwa maana ya neno, ananyamaza. Anaulizwa la pili, anatazama mlango. La tatu anajibu upesi, "sijui", na ukiwa makini utagundua kwamba hilo "sijui" limetoka kabla swali halijaisha. Mpimaji anaandika sifuri. Kwenye karatasi yake, sifuri ya mtoto asiyejua na sifuri ya mtoto anayetaka tu kuondoka pale zinafanana kabisa.

Mtu aliyetumia maisha yake kuzitenganisha sifuri hizo mbili ni Edward Zigler, mwanasaikolojia wa watoto wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, aliyefariki Februari 2019 akiwa na miaka 88. Wengi humwita baba wa Head Start, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwaandaa watoto wa familia maskini kabla hawajaanza shule, ambao tangu 1965 umepokea watoto zaidi ya milioni 35. Sifa hiyo ina walakini kidogo, kwa sababu mpango ulibuniwa na kamati nzima, na yeye alikuwa kijana tu wa miaka 35 katikati ya wakubwa wenye majina. Ila kama yupo aliyebebeshwa lawama za mpango huo kwa miaka hamsini, ni yeye. Na karibu lawama zote zilichipuka kwenye swali moja: je, chekechea huongeza akili?

Ni swali rahisi kuuliza. Taabu yake ni kwamba jibu huwa "ndiyo" ukipima mapema, "hapana" ukipima baada ya miaka michache, kisha "ndiyo" tena, kwa namna nyingine kabisa, ukiwa na subira ya kungoja mtoto awe mtu mzima. Majibu yote matatu yamechapishwa na yote yana takwimu. Wanasiasa huchota lile linalowafaa.

Zigler alizaliwa mwaka 1930 mjini Kansas City, Missouri, kwa wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Poland. Nyumbani walizungumza Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Baba yake aliuza matunda na mboga kwa mkokoteni wa farasi, na kijana alikuwa msaidizi wake. Familia ilikuwa ikienda kwenye kituo cha kuwahudumia wahamiaji mtaani kwao, mahali ambapo mama angeweza kujifunza Kiingereza huku mtoto akitazamwa na daktari. Baadaye, akiwa profesa, Zigler alikirejea kituo hicho tena na tena katika mazungumzo yake: mtoto hakusaidiwa peke yake kama yatima wakati wazazi wake wapo. Naona nusu ya fikra zake zilitoka pale, na nusu nyingine kwenye gololi.

Gololi zenyewe zilikuwa hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Zigler anasomea udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Texas, kulikuwa na nadharia yenye nguvu kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili ana akili "ngumu", isiyopinda. Ushahidi? Mpe kazi ya kuchosha, ya kurudiarudia, naye ataifanya muda mrefu kuliko mtoto mwingine yeyote, kana kwamba hawezi kujinasua. Zigler alikwenda kwa watoto waliokuwa wakiishi kwenye taasisi kubwa za kuwatunzia, akawapa michezo ya aina hiyo: kutumbukiza gololi kwenye tundu, moja baada ya nyingine, huku mtu mzima mpole akiwa pembeni anawatia moyo. Kweli walicheza kwa muda mrefu. Lakini waliocheza zaidi ni wale waliotoka kwenye maisha ya upweke na ukiwa mkubwa zaidi. Hawakuwa wameshindwa kuacha. Hawakutaka kuacha, maana gololi zikiisha, yule mtu mzima anayetabasamu ataondoka.

Kuanzia hapo hakuamini tena kwamba alama ya mtoto kwenye jaribio inaeleza akili yake tu. Ndani ya alama hiyo mna njaa ya kupendwa, woga wa wageni, na mazoea ya kushindwa yanayomfanya mtoto atafute jibu usoni mwa mkubwa badala ya kichwani mwake mwenyewe. Mwaka 1959 alihamia Yale, akabaki huko.

Wakati yeye anahesabu gololi, upepo nje ulikuwa unavuma upande wake, tena ulivuma kupita kiasi. Kwa miongo mingi wataalamu walikuwa wameamini akili ni urithi uliokwisha pangwa tumboni. Mwaka 1961 mwanasaikolojia J. McVicker Hunt alitoa hoja kwamba mazingira yana sehemu kubwa, na 1964 mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom akachapisha takwimu ambazo magazeti yalizifupisha hivi: nusu ya akili ya mtu hujengeka kabla hajafikisha miaka minne. Bloom hakuwa amesema hivyo hasa. Alichoonyesha ni kwamba ukijua alama za watoto wakiwa na miaka minne, unaweza kueleza karibu nusu ya tofauti zitakazoonekana kati yao wakiwa na miaka 17. Ni kauli ya kitakwimu kuhusu tofauti baina ya watu. Haisemi ni kiasi gani cha akili kimekwisha jengwa ndani ya kichwa cha mtoto, kama vile ukijua urefu wa watoto leo unaweza kukisia nani atakuwa mrefu kesho bila kujua lolote kuhusu mifupa. Lakini kauli fupi ndiyo iliyosafiri. Methali yetu ya samaki mkunje angali mbichi ikawa, kwa miaka michache, karibu sera ya serikali ya Marekani.

Sargent Shriver, aliyepewa na Rais Lyndon Johnson kazi ya kuongoza vita dhidi ya umaskini, alikuwa ameutembelea mradi wa mwanasaikolojia Susan Gray huko Tennessee na kuona alama za IQ, yaani kipimo cha akili, za watoto maskini zikipanda. Jambo hilo lilimkaa. Mwanzoni mwa 1965 kamati chini ya daktari wa watoto Robert Cooke wa Johns Hopkins ilikutana kuchora ramani ya mpango wa kitaifa. Zigler alikuwemo, pamoja na wanasaikolojia wenzake Urie Bronfenbrenner na Mamie Clark. Ukisoma mapendekezo yao leo utashangaa jinsi akili inavyochukua nafasi ndogo. Linaanza suala la afya ya mwili. Linafuata la hisia na kujiamini, la uhusiano wa mtoto na familia yake, la wazazi kushirikishwa. Kuna chakula, kuna daktari wa meno.

Wanakamati kadhaa walitaka kuanza polepole, kwa majaribio. Shriver alitaka kishindo. Kiangazi cha mwaka huohuo watoto wapatao 560,000 waliingizwa kwenye vituo vilivyofunguliwa haraka haraka kwenye makanisa, shule na kumbi za jamii, kwa majuma manane.

Majuma manane! Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa ilichukua miaka minne kwa uharibifu kuonekana. Wananchi walikwisha ambiwa kwamba kiangazi kimoja kingewapa watoto nguvu ya kukabiliana na shule na maisha, kana kwamba ni chanjo: unadungwa mara moja, umekingwa. Zigler alitumia maisha yake yote yaliyobaki kuipinga picha hiyo ya chanjo. Umaskini haumtembelei mtoto mara moja akiwa na miaka minne kisha ukaondoka, kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa ya mara moja.

Ilipofika wakati wa kutathmini, watafiti walishika kipimo kilichokuwa karibu. Jaribio la IQ lilikuwa tayari, lilikuwa na historia ndefu, na linatoa namba moja safi inayoingia kwenye kichwa cha habari. Hakuna kipimo kilichokuwa tayari cha mtoto kuamini watu wazima, wala cha mama aliyeanza kuingia kwenye mikutano ya kituo na kupiga kura kuhusu bajeti. Basi mpango uliobuniwa kuboresha mambo mengi ukapimwa kwa moja, na hilo moja ndilo Zigler alikuwa na shaka nalo tangu enzi za gololi.

Yeye na Earl Butterfield walifanya jaribio, lililochapishwa 1968, ambalo kwa maoni yangu lingestahili kujulikana kuliko Head Start yenyewe. Waliwapima watoto maskini IQ kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, kama kitabu cha maelekezo kinavyotaka: maswali yanapanda ugumu hadi mtoto ashindwe na kushindwa tena. Ya pili ilikuwa na maswali yaleyale, ila mpimaji alipanga mambo ili mtoto aonje ushindi mapema. Akikosa gumu, anapewa jepesi, kisha anarudishwa kwenye gumu huku akitiwa moyo. Walipima mwanzoni mwa mwaka wa chekechea, wakapima tena mwishoni.

Kwa njia ya kawaida, alama za waliokwenda chekechea zilipanda. Kwa njia ile ya upole, hazikupanda kwa kiasi cha kutajwa. Maana yake nini? Kwamba walichopata watoto mwaka ule hakikuwa akili mpya. Uwezo ulikuwepo tangu siku ya kwanza na njia ya upole iliuona. Chekechea iliwaondolea woga na tabia ya kusema "sijui" ili yaishe, na hivyo wakaweza kuonyesha walichonacho hata mbele ya mpimaji wa kawaida. Msomaji mmoja ataona hapo kushindwa: akili haikuongezeka. Zigler aliona kinyume chake, kwa sababu darasani na kazini mtu haombwi akili iliyofichwa, huombwa ile anayoweza kuitoa.

Mwaka 1969 ikatoka tathmini ya Head Start iliyofanywa na kampuni ya Westinghouse pamoja na Chuo Kikuu cha Ohio. Iliangalia vituo 104 na kulinganisha watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu waliopitia Head Start na wenzao ambao hawakupitia. Programu za kiangazi hazikuacha alama yoyote ya kudumu. Za mwaka mzima ziliacha kidogo. Wataalamu walizishambulia mbinu zake, wakiuliza kama makundi hayo mawili yalilingana tangu mwanzo, lakini kichwa cha habari kilikwisha andikwa: faida zinafifia.

Richard Nixon, aliyeingia Ikulu mwaka huo, alimwita Zigler mwaka 1970 kuongoza Ofisi mpya ya Maendeleo ya Mtoto. Kwa simulizi yake mwenyewe, muda mfupi baada ya kufika Washington alikutana na hati ya bajeti iliyopanga kuumaliza Head Start kidogo kidogo ndani ya miaka mitatu. Alikwenda kwa waziri wake, Elliot Richardson, akapinga, na mpango ukanusurika. Ndani ya miaka miwili aliyokaa ofisini alisukuma vituo viache programu za kiangazi na kufanya kazi mwaka mzima, akaanzisha kazi ya kuandika viwango vya ubora, akabuni cheti kwa ajili ya walezi wasio na shahada, kinachotolewa kwa kuwaona wakiwa kazini na watoto. Na akatangaza kwamba lengo la mpango si IQ bali uwezo wa mtoto kumudu maisha yake ya kila siku, shuleni na baina ya watu.

Wapinzani walisema anahamisha goli. Tuwape haki yao: kwa mtu aliyeahidiwa IQ na magazeti mwaka 1965, ilionekana hivyo hasa. Lakini aliyesoma ripoti ya kamati anajua goli lilikuwa pale tangu mwanzo. Waandishi na wanasiasa ndio walioelekeza mpira kwingine, na wanasayansi kadhaa wakakaa kimya kwa sababu fedha zilikuwa zinaingia.

Pigo lililomuuma zaidi halikuhusu Head Start. Mwaka 1971 Bunge lilipitisha sheria ambayo ingeweka mtandao wa vituo vya malezi ya watoto nchi nzima, familia zikichangia kulingana na kipato. Desemba 9 Nixon aliipiga kura ya turufu, akisema ingeiweka serikali upande wa malezi ya kijumuiya dhidi ya malezi ya familia. Zigler alikuwa ofisa wa Nixon huyohuyo. Aliondoka serikalini mwaka uliofuata na kurudi Yale.

Sasa turudi kwenye kufifia, maana hapo ndipo wasomaji wengi hupotea.

Mjini Ypsilanti, Michigan, kati ya 1962 na 1967, mwanasaikolojia David Weikart aliendesha chekechea ndogo iitwayo Perry kwa watoto weusi maskini. Walikuwa watoto 123, 58 kati yao wakaingia chekechea na 65 wakabaki kundi la kulinganishwa, mgawanyo ukifanywa kwa bahati nasibu. Wakiwa na miaka mitano, asilimia 67 ya waliosoma walikuwa na IQ ya 90 au zaidi, dhidi ya asilimia 28 ya wenzao. Kisha tofauti hiyo ikayeyuka katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, vilevile kama ripoti ya Westinghouse ingetabiri. Kama watafiti wangefunga daftari hapo, hadithi ingekuwa imekwisha.

Hawakufunga. Waliendelea kuwafuatilia hadi umri wa miaka 40. Asilimia 77 ya waliopitia Perry walikuwa wamemaliza sekondari, dhidi ya 60. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, dhidi ya 55. IQ zilikwisha sawazika miongo mitatu nyuma, lakini maisha hayakusawazika. Kilichodumu hakikuwa kwenye karatasi ya mtihani. Kilikuwa jirani zaidi na kile ambacho Zigler na Butterfield walikiona: mtoto anayekabili jambo gumu bila kulikimbia, mwalimu anayemwona mwanafunzi huyo kuwa wa kufundishika badala ya kumtenga, mzazi aliyezoea kuuliza.

Hapa nampenda Zigler kuliko wafuasi wake. Kila mtetezi wa Head Start alikimbilia Perry kama ushahidi. Yeye alikuwa wa kwanza kuwaambia kwamba Perry si Head Start. Perry ilikuwa na walimu wenye shahada, madarasa madogo, na mwalimu aliyekwenda nyumbani kwa kila mtoto kila wiki kwa saa moja na nusu. Vituo vya Head Start vililipa walimu wake kidogo sana, na vingine vilikuwa vibovu kiasi kwamba Zigler alisema hadharani vifungwe. Kuchukua matokeo ya watoto 58 na kuyatandaza juu ya mamilioni ni kosa lilelile la 1965, la kuahidi kuliko ulicho nacho.

Uthibitisho ulikuja 2010. Utafiti mkubwa wa serikali ulikuwa umechukua watoto wapatao 5,000 walioomba nafasi na kuwagawa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka wa Head Start walioingia walikuwa mbele; walipomaliza darasa la kwanza, karibu faida yote ilikuwa imetoweka. Yapo ya kuzingatia kabla ya kuhukumu. Wengi wa kundi la kulinganishwa hawakukaa nyumbani. Walikwenda chekechea nyingine, na baadhi yao Head Start yenyewe. Tena mtoto aliyebaki nyuma hufundishwa herufi darasa la kwanza, naye huwafikia wenzake, kwa hiyo kinachoitwa kufifia mara nyingi ni wengine kukimbia kuliko mmoja kurudi nyuma. Na mwaka mmoja kabla yake, mchumi David Deming alikuwa amelinganisha ndugu wa familia moja, aliyepitia Head Start na ambaye hakupitia, akakuta sura ileile ya Perry kwa kiwango kidogo: alama za mitihani zinafifia, hasa kwa watoto weusi, lakini wakifika utu uzima wa mwanzo waliopitia wana hali nzuri zaidi katika masomo, kazi na afya.

Ungetamani mambo yaishie hapo, na Zigler atangazwe mshindi. Mwaka 2022, miaka mitatu baada ya kifo chake, matokeo ya programu ya chekechea ya jimbo la Tennessee, tofauti na Head Start, yalichapishwa. Watoto karibu 3,000, bahati nasibu tena. Waliopata nafasi walikuwa na alama za chini kuliko wenzao walipofika darasa la sita, na matatizo mengi zaidi ya nidhamu. Wanaotafuta sababu wanatazama, pamoja na mengine, jinsi madarasa yale yalivyoendeshwa: mafunzo ya herufi na namba kwa kundi zima, mtoto wa miaka minne akitakiwa kutulia na kusikiliza. Maelezo hayo hayajathibitishwa, lakini yanamrudisha mtu kwenye chumba cha mpimaji, kwa mtoto anayetazama mlango.

Zigler mwenyewe katika miaka ya baadaye alizidi kuvuta umri wa kuanza msaada chini. Alishiriki katika kubuni Early Head Start ya 1994, kwa wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitatu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alianzisha mfumo wa kufungua majengo ya shule tangu alfajiri hadi jioni ili watoto wa wazazi wanaofanya kazi wawe na pa kukaa. Ulianzia Missouri, jimbo alikozaliwa, ukaenea kwenye shule zaidi ya 1,000. Na kamati iliyoundwa na kituo chake cha Yale ilipendekeza katikati ya miaka hiyo ya 1980 kwamba mzazi wa mtoto mchanga apewe likizo ya miezi 6, sehemu yake ikiwa na malipo. Sheria iliyotoka 1993 ilitoa majuma 12, bila malipo, kwa waajiriwa wa makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi. Siku Zigler anafariki nyumbani kwake Connecticut, sheria hiyo ilikuwa na miaka 26 na majuma yalikuwa bado 12.